Meza za Meli Tatu

Mwezi uliopita wanafunzi wa chuo kimoja cha hoteli mjini Kisii walinialika niwaeleze kuhusu kazi ya meli za kitalii. Swali lao la kwanza lilikuwa lile lile ambalo abiria walikuwa wakiniuliza miaka yote: kampuni gani ni bora kwa chakula, kwa burudani na kwa marupurupu? Niliwajibu kwa haraka kwa sababu mwalimu alikuwa anatazama saa, nikarudi nyumbani Itumbe moyo haujaridhika. Ndiyo maana naandika. Vyeo nitaviruka, na mshahara pia. Hayo mtayajua mkifika.

Naitwa Rodah Kwamboka. Nimehudumu mezani baharini miaka ishirini na minne, na sare ya mwisho niliirudisha mwaka jana. Nilifanyia kazi kampuni tatu. Majina yake sitayataja, maana wenye kampuni wana mawakili na mimi nina ng'ombe wawili tu.

Kabla ya meli nilikuwa mhudumu katika hoteli ya mjini Kisii, ile aina ambayo mteja akiagiza matumbo anataka yafike kabla hajamaliza kusema. Pale nilijifunza kubeba sahani nne kwa mikono miwili na kukumbuka nani alitaka mchuzi mwingi. Wakala alipotangaza nafasi za meli, nilisafiri hadi Mombasa kufanyiwa mahojiano. Hawakuniuliza maswali mengi. Walinipa trei yenye glasi kumi na mbili zilizojaa maji, wakaniambia nipande ngazi hadi ghorofa ya tatu kisha nishuke. Nilishuka na glasi kumi na mbili. Mwenzangu mwenye diploma alishuka na tisa.

Baba alifurahi. Alikuwa mkulima wa chai, mtu wa maneno machache, na siku ile alizungumza mpaka chakula kikapoa. Mama, Yunes jina lake, hakufurahi. Sisi ni Waadventista, na swali lake lilikuwa moja: Sabato utaifanyaje ukiwa katikati ya maji? Nilimwambia nitaomba ruhusa. Akaniuliza nitamwomba nani. Kusema kweli, mpaka leo sina jibu zuri.

Siku ya kwanza tulishushwa na basi kwenye bandari moja ya Italia. Nilisimama na sanduku langu, mbele yangu kukiwa na jengo refu jeupe lenye madirisha mengi kuliko nyumba zote za mji wa Kisii zikiunganishwa, nikamwuliza mtu aliyekuwa kando yangu meli iko wapi. Alinitazama, akalitazama lile jengo, akaanza kucheka. Mtu huyo alikuwa Caetano, Mgoa wa makamo, mwembamba, mwenye nywele zilizopakwa mafuta. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa sehemu yangu ya ukumbi wa chakula. Baada ya hapo kila mhudumu mpya akija, alimwonyesha mimi na kusema huyu ndiye aliyeipoteza meli.

Meli ile ya kwanza ilikuwa ya familia. Wageni walikuwa maelfu, na chakula chake kilikuwa cha wingi. Bafe lilianza alfajiri na halikufungwa hadi watu wamechoka kutafuna. Kulikuwa na swala na samaki waliochongwa kwa barafu, na chemchemi ya chokoleti ambayo watoto walitumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko. Burudani ilikuwa hivyo hivyo: wachezaji wa sarakasi, uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na mtu mwenye kipaza sauti aliyeshangilia hata pasipokuwa na cha kushangilia. Nilipopiga simu nyumbani na kusema kuna barafu ya kuchezea ndani ya meli, Baba aliomba nirudie. Nikarudia. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye ameamua kutogombana na mtoto wake.

Bahari ilinipiga siku tatu za kwanza. Caetano aliniletea tufaha la kijani na biskuti kavu, akaniambia nitafune polepole na nitazame mbali. Ni dawa nzuri, iandikeni. Alinifunza mengine pia. Trei haibebwi kwa kiganja, inabebwa kwa ncha za vidole na bega. Oda haiandikwi kwa nguo za mgeni, huandikwa kwa namba ya kiti, maana mama wa blauzi nyekundu kesho atavaa ya kijani. Makombo yanaondolewa kabla ya kitindamlo kwa kile kisu butu kidogo, na unakivuta kuelekea kwako, kamwe si kuelekea kwa mgeni.

Lakini somo lake kubwa lilihusu swali la wale wanafunzi. Abiria wa meli wana tabia moja: wakikaa kwenye meli hii wanazungumza kuhusu ile nyingine. Kule nyama ilikuwa laini zaidi. Kule tulipewa kikapu cha matunda chumbani. Kule wenye kadi ya dhahabu hawakupanga foleni ya kushuka. Mwanzoni nilikuwa nikitetea kampuni yetu kama wakili. Caetano alinivuta kando.

"Usitetee," aliniambia. "Muulize kule walipikaje. Mgeni hataki kushinda kesi, anataka kusimulia."

Nilianza kuuliza, nikaanza kuandika majibu kwenye daftari. Baada ya miaka michache nilijua chakula cha meli ambazo sijawahi kukanyaga.

Marupurupu ya wafanyakazi kwenye meli ile yalikuwa ya kujaza orodha. Tulikuwa na mazoezi ya viungo, sinema na mesi yenye wali wa kila taifa. Ila vyumba vyetu vilikuwa chini ya mstari wa maji, watu wawili kwenye nafasi ya kabati. Na hakuna ndugu yako aliyeruhusiwa kupanda. Wazazi wa wenzetu Wafilipino walisimama gatini wakipunga mikono, nasi tukipunga kutoka kwenye mlango wa mizigo.

Mwaka wa tano nilihamia kampuni ya pili. Caetano alibaki. Ile ilikuwa meli ya wazee, ya mtindo wa Kiingereza, na niliipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ilikuwa na utulivu. Mgeni alikuwa na meza yake, kiti chake na mhudumu wake safari nzima. Chakula kilikuja kwa mpangilio, supu kwanza, samaki, nyama, jibini. Burudani ilikuwa bendi ya fidla na ukumbi wa dansi, na kampuni iliajiri wanaume wastaarabu wenye mvi ambao kazi yao ilikuwa kucheza na wajane. Sitanii. Walikuwa na ratiba, na walikatazwa kucheza na mama mmoja mara mbili mfululizo ili wengine wasinune.

Saa kumi kamili ilikuwa chai. Mimi nimezaliwa kwenye chai. Nimechuma nikiwa na kikapu mgongoni kabla sijajua kusoma. Nikadhani hapo ndipo nitang'aa. Siku ya kwanza nilimmiminia bibi mmoja wa miaka themanini, akauzuia mkono wangu na kunieleza kwa upole kwamba maziwa huja baada ya chai. Siku ya pili bibi mwingine, meza ya jirani, akanieleza kwa upole kwamba maziwa hutangulia. Kwetu maziwa na chai na sukari huchemka pamoja kwenye sufuria, na hakuna anayemtangulia mwenzake. Nilipowasimulia wale mabibi waliniomba niwapikie. Mpishi alikataa kunipa sufuria kwa wiki mbili. Nilipoipata hatimaye, walikunywa wakasema ni tamu kama pudini, na hawakuiomba tena.

Naomba sasa nisimulie jambo ambalo darasani sikulisimulia.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kwenye meli ile. Tulikuwa tunavuka Atlantiki, siku saba za maji matupu. Siku ya pili afisa wa wafanyakazi aliniita ofisini asubuhi, akafunga mlango, akanipa karatasi iliyochapwa. Ilikuwa barua pepe kutoka kwa kaka yangu Ombati. Baba alikuwa ameanguka shambani na hakuinuka. Afisa yule alikuwa mtu mwema. Alinionyesha kwamba mkataba una kifungu cha msiba, kwamba kampuni ingenipa tiketi ya ndege hadi nyumbani. Kisha akanionyesha ramani. Ndege ingeanzia bandari inayofuata, na bandari inayofuata ilikuwa siku tano mbele.

Nilimpigia Ombati kwa simu ya setilaiti. Niliwaomba wanisubiri. Ombati alisema angezungumza na wazee. Siku iliyofuata alinijibu kwa sauti ndogo kwamba wazee wamekataa, kwamba jamaa wa mbali wameshafika na hawawezi kukaa, na kwamba Baba angezikwa Alhamisi. Mama hakuja kwenye simu.

Alhamisi meli ilikuwa na karamu ya chai ya kofia. Wageni walivaa kofia zenye manyoya, na sisi wahudumu tulivishwa kofia za karatasi zenye maua. Afisa alikuwa ameniambia nibaki chumbani. Nilijaribu. Chumba hakina dirisha, na nilipofunga macho niliona udongo mwekundu wa nyumbani. Nikaona heri nisimame. Nilivaa sare, nikavaa kofia, nikamimina chai masaa mawili. Mpiga picha wa meli alipita akitupiga sote. Nilitabasamu, kama ninavyotabasamu lenzi ikinielekea.

Nilifika nyumbani siku saba baada ya ile barua. Nilipelekwa kaburini, nikalia pale hadi Ombati akaniinua. Mama alinipokea vizuri, akanipikia ugali na mboga za chinsaga. Nilikuwa nimebeba bahasha ya picha ambazo mpiga picha huwa anawagawia wafanyakazi, na katika kufungua mizigo, Mama akaiokota. Alizitazama moja moja. Picha zile zilikuwa na tarehe kwenye pembe, kwa herufi ndogo za rangi ya machungwa. Mama hakusoma sana, lakini tarehe ile alikuwa ameiandika mwenyewe ndani ya Biblia yake.

Aliniwekea ile picha mapajani. "Hii ni Alhamisi," alisema. "Tulikuwa tunamfukia baba yako. Na wewe umevaa maua unacheka."

Nilieleza. Nilisema ni kazi. Aliitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuangalia moto. Hakuniuliza tena, na hakunitukana hata siku moja. Alinisalimu kila nilipokuja likizo, akanipa chakula, akaniuliza kama nimefika salama. Lakini yale mazungumzo yetu ya jikoni, ya kucheka juu ya majirani huku tunachambua mboga, yalikwisha. Yalikwisha kwa miaka tisa. Majirani walipomwuliza binti yake anafanya nini, alijibu, "Yuko kwenye meli ya starehe." Nilimsikia kwa masikio yangu. Alilitamka neno starehe polepole.

Caetano ndiye aliyenitoa kwenye kampuni ya pili. Aliniandikia kwamba sasa ni mkuu wa ukumbi kwenye meli ndogo ya kampuni ya tatu, na anataka mtu ambaye aliwahi kuipoteza meli. Nilikwenda.

Meli ile ilikuwa na wageni mia moja tu, wengi wao watu waliochoka na meli kubwa. Hakukuwa na bafe la milima ya chakula. Mpishi alishuka bandarini asubuhi na kikapu, akanunua samaki wabichi na pweza waliosokotana, na menyu ikaandikwa kwa mkono kabla ya mchana. Hakukuwa na sarakasi. Burudani ilikuwa profesa mstaafu aliyezungumza kuhusu ndege wa baharini, na mara moja kwa wiki wafanyakazi tuliimba. Nilitegemea wageni walalamike. Walikuwa wakisinzia kidogo kwa profesa, lakini sisi wakitushangilia, ingawa sauti zetu zilikuwa za kanisani zaidi. Marupurupu ya wageni yalikuwa machache na ya kimya: vinywaji vilikuwemo kwenye nauli, viatu vyao vilisafishwa bila kuombwa, na tuliwaita kwa majina. Kwetu sisi kulikuwa na rupurupu moja ambalo sikuwahi kuliona kwingine. Meli ikitia nanga nchini kwako, uliruhusiwa kumwalika ndugu mmoja apande, aone unakofanyia kazi, na ale chakula cha mchana ukumbini kama mgeni.

Mwaka mmoja ratiba ilitoka, na Mombasa ilikuwemo. Nilimpigia Ombati. Nilimwambia amwulize Mama, nikiwa na hakika atakataa. Ombati alirudi na jibu kwamba Mama anauliza kama kwenye hiyo meli kuna nguruwe. Nilisema hatapewa. Akasema basi anakuja.

Walifika bandarini Jumanne asubuhi, Mama akiwa na gauni lake la kanisani na mkungu mzima wa ndizi mbivu kutoka nyumbani, alioupakata kutoka Kisii hadi pwani. Walinzi wa gati wakasema chakula cha nje hakiingii melini. Mama aliwaeleza kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba hizi si chakula cha nje, hizi ni za mtoto wake. Mwishowe ndizi zilibaki getini na Ombati, ambaye alizigawa kwa walinzi, na nasikia mambo yalikwenda vizuri pale.

Nilimwonyesha Mama sitaha, jikoni, na chumba changu. Alikaa juu ya kitanda, akabonyeza godoro, akatazama ukuta usio na dirisha. Kisha nikamketisha ukumbini, meza ya watu wawili karibu na dirisha, nikaenda kazini. Ruhusa ilikuwa ya ndugu kula, mimi nilikuwa na meza sita za kuhudumia pamoja na yake.

Nilimpelekea supu kwanza. Nikachukua oda za meza ya tatu. Nikarudi jikoni, nikatoka na samaki, nikaokota kijiko kilichoanguka, nikamimina maji, nikamsikiliza bwana mmoja akinieleza jinsi samaki kama huyu alivyopikwa kwenye meli nyingine, nikamwuliza walimpikaje. Kila nilipopita nilitupa jicho. Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, ananifuata kwa macho. Kijiko hakukigusa. Nilipita mara ya nne supu ikiwa bado imejaa, nikaogopa. Nilidhani ananihukumu mbele ya Wazungu.

Caetano naye alikuwa ameona. Alikuja mezani, akainama kidogo, akaniomba nimwulize mama kama supu ina kasoro.

Mama alinijibu kwa Kigusii, na nikatafsiri jinsi alivyosema. "Mwambie supu haina neno. Mwambie siwezi kula mtoto wangu amesimama. Tangu nikae hapa sijamwona akiketi."

Mama akaendelea, sasa akinitazama mimi.

"Nimekaa naangalia ule mlango," alisema. "Ukiwa ndani, kabla hujatoka, uso wako unakuwa wa mtu aliyechoka. Ukiusukuma mlango unavaa kacheko. Ukirudi ndani unakavua. Nimehesabu mpaka nimeacha. Ni kama nguo ya kazi."

Sikuweza kutafsiri hayo. Caetano hakuniomba. Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi: mfanyakazi mwenye sare haketi na wageni. Yeye ndiye aliyekuwa akiisoma kwa wapya kila mkataba ulipoanza. Alinyoosha mkono, akafungua aproni yangu kwa nyuma, akaikunja, akaitia chini ya kwapa lake. Akanivutia kiti kilichokuwa mkabala na Mama. Kisha akachukua daftari langu la oda na kwenda meza ya tatu.

Niliketi. Sikujua mikono niiweke wapi. Mama aliinamisha kichwa, nami nikainamisha changu, na akaanza kuomba kwa Kigusii, kwa sauti ile ile anayoombea kanisani, ambayo haikujali kwamba kuna watu. Meza za jirani zilitulia. Alimshukuru Nyasae, Mungu wetu, kwa safari, kwa chakula, na kwa yule mzee mwembamba. Nikadhani amemaliza.

"Ulimchukua mume wangu huyu mtoto akiwa kazini," alisema. "Mimi nilidhani yuko kwenye starehe. Sasa nimeona."

Akasema amina. Nilipofungua macho alikuwa ameshachukua kijiko, anaionja ile supu, ambayo kufikia hapo ilikuwa baridi kama ya mhudumu wa siku ya kwanza. Aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya malenge. Akaonja tena, akafikiri.

"Haina chumvi," alisema.

Nikainuka niende kuileta. Mama alinishika mkono juu ya meza, akaukandamiza pale pale.

"Kaa," alisema.

Caetano ndiye aliyeleta chumvi.